Nafasi 13 za Gramercy: Kesi ya Weber na Ubishi wa Leo Kuhusu Mipango ya Usawa Kazini

Gramercy ni mji mdogo kando ya mto Mississippi katika jimbo la Louisiana, njiani kati ya New Orleans na Baton Rouge. Ni nchi ya miwa, na miwa hiyo ililimwa na watumwa kwa vizazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Kaiser Aluminum ilikuwa imejenga hapo kiwanda cha kuchakata boksiti, udongo mwekundu uliokuwa ukiletwa kwa meli kutoka Jamaika, na kutoa alumina, ule unga mweupe ambao baadaye huyeyushwa kupata aluminiamu. Kiwandani kulikuwa na madaraja mawili ya wafanyakazi wa mikono. La chini lilikuwa la watu wa uzalishaji, wale wanaoendesha kazi za kila siku za kiwanda. Juu yao walikuwapo mafundi mchundo: mafundi umeme, mafundi wa matengenezo, mafundi wa vifaa vya kupimia. Fundi mchundo alilipwa zaidi, na ujuzi wake ulikuwa mali yake mwenyewe, ambayo angeweza kuondoka nayo na kwenda kuitumia kwingine.

Mwaka 1974 Gramercy ilikuwa na mafundi mchundo 273. Waliokuwa Weusi ni watano. Katika nguvukazi ya eneo linalozunguka kiwanda, Weusi walikuwa asilimia 39.

Pengo hilo ndilo lililozaa kesi ya United Steelworkers (chama cha wafanyakazi kilichowawakilisha watu wa kiwanda hicho) dhidi ya Weber, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 27 Juni 1979. Nimeichagua kwa sababu ubishi wa sasa kuhusu mipango ya kampuni ya usawa na ujumuishi, yaani hatua za kuwafungulia kazi watu wa makundi yaliyoachwa nje, unaendeshwa kwa maneno mapana mno. Upande mmoja unasema "sifa", upande mwingine unasema "haki", na kila upande unaondoka na lake. Gramercy maneno mapana hayana pa kukaa. Zipo nafasi 13 za mafunzo, zipo orodha mbili za majina, na yupo mtu aliyekosa. Ukiifuata kesi hatua kwa hatua utaona kwamba hakuna aliyebishana kuhusu nani ana sifa na nani hana. Ubishi ulikuwa juu ya mambo mawili mengine: nani aliweka sharti la kuingilia, na nani alipe gharama ya kuliondoa.

Sharti lisilomtaja mtu

Kaiser haikuwa na waraka uliosema mtu Mweusi asiwe fundi. Ilikuwa na sharti moja tu: anayeomba kazi ya ufundi awe amekwisha kuifanya kwingine. Ukilisoma juu juu ni sharti la busara kabisa. Nani angependa mtambo wa umeme mkubwa uguswe na mtu asiyeujua?

Lakini uzoefu huo ulipatikana wapi? Ulipatikana kupitia vyama vya mafundi, ambavyo kwa miongo mingi vilishika mlango wa kujifunza kazi. Kijana aliingizwa na baba yake, au mjomba wake, au rafiki wa familia, akafundishwa, akapata kadi, akawa fundi. Mtu Mweusi alizuiwa, mahali pengine kwa kanuni iliyoandikwa, mahali pengine kwa mazoea yasiyohitaji kuandikwa. Mahakama ya Juu ilipofika kwenye jambo hili haikuona haja ya kuita shahidi. Ilisema hukumu zilizothibitisha ubaguzi katika vyama vya mafundi ni nyingi kiasi kwamba jambo lenyewe lichukuliwe kuwa linajulikana.

Kwa hiyo hapakuhitajika meneja mwenye roho mbaya pale Gramercy. Chama cha mafundi kilifunga mlango mjini, kiwanda kikadai cheti kinachopatikana nyuma ya mlango huo, na matokeo yakawa watano kati ya 273. Kila mhusika angeweza kusema, bila kudanganya, kwamba yeye binafsi hakumfukuza mtu.

Kuna upande wa pili wa sharti hili ambao husahaulika sana, nami nauona kuwa ndio kiini cha kisa. Halikumfungia Mweusi peke yake. Mzungu aliyeajiriwa Gramercy katika uzalishaji bila uzoefu huo naye hakuwa na njia ya kupanda kuwa fundi mchundo, hata angetumikia kiwanda ujana wake wote. Kampuni ilitafuta mafundi waliokwisha kuiva, kutoka nje, ikawapita watu wake yenyewe. Ngazi kati ya madaraja mawili haikuwapo kwa mtu yeyote asiye na uzoefu wa ufundi.

Mkataba wa 1974

Kaiser haikusukumwa na huruma peke yake. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, kampuni ya umeme ya North Carolina. Kabla ya sheria kubadilika, Duke Power iliwaweka Weusi katika idara moja tu, ambako mshahara wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara wa chini wa idara nyingine. Sheria ilipokataza hilo, kampuni ikaleta masharti mapya: cheti cha sekondari na mitihani ya kupima akili. Majaji wote walioshiriki walikubaliana kwamba sharti linalowachuja zaidi watu wa rangi fulani, na ambalo mwajiri hawezi kuonyesha linahusiana na kazi yenyewe, ni haramu hata kama nia yake ni safi. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji Mkuu Warren Burger. Lishike jina lake, tutarudi kwake.

Juu ya hilo kulikuwa na Amri ya Rais Na. 11246, iliyotiwa saini na Lyndon Johnson mwaka 1965, iliyomtaka kila mwenye mkataba na serikali kuu achukue hatua za wazi kuhakikisha ajira yake haina ubaguzi. Anayekaidi angeweza kunyimwa kazi za serikali. Kaiser ilikuwa pia imeshitakiwa na wafanyakazi Weusi kwingineko Louisiana. Na mwaka huohuo wa 1974 kampuni kubwa za chuma, pamoja na chama hichohicho cha United Steelworkers, ziliingia katika makubaliano ya kimahakama yaliyozilazimu kufungua kazi nzuri kwa Weusi na wanawake. Mtu mwenye macho aliona mvua inakuja.

Ndipo Kaiser na United Steelworkers walipokaa mezani na kutia kifungu kipya katika mkataba wa hali bora uliohusu viwanda 15. Kampuni ingeanzisha mafunzo ya ufundi ndani ya viwanda vyake kwa gharama yake, kwa wafanyakazi wake wa uzalishaji. Nusu ya nafasi ingewekwa kwa ajili ya wafanyakazi Weusi. Utaratibu huo ungeendelea mpaka sehemu ya mafundi Weusi kiwandani ikaribiane na sehemu ya Weusi katika nguvukazi ya eneo, kisha ungekoma. Kwa Gramercy maana yake ilikuwa mpaka asilimia 39.

Namna ya kuchagua ilikuwa kwa ukongwe kazini. Zilitengenezwa orodha mbili, moja ya wazungu na moja ya Weusi, na katika kila orodha aliyetangulia kuajiriwa alitangulia kupata. Mwaka wa kwanza walichaguliwa 13 pale Gramercy: Weusi saba, wazungu sita.

Brian Weber alikuwa mzungu, akifanya kazi katika maabara ya kiwanda. Aliomba, akakosa. Alipotazama majina akakuta kwamba hata yule Mweusi mkongwe kuliko wenzake waliochaguliwa alikuwa ameajiriwa baada ya wazungu kadhaa waliokataliwa.

Asiyewahi kuishi chini ya mkataba wa chama anaweza kuona hili ni dogo. Si dogo. Mfanyakazi wa kiwandani hana hisa, hana ardhi ya kampuni, hana mjomba katika bodi. Alichonacho ni tarehe yake ya kuajiriwa. Kwa tarehe hiyo anapata zamu nzuri, likizo ya msimu mzuri, na usalama siku kazi zikipunguzwa, maana wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Vyama vya wafanyakazi vilipigania ukongwe kwa jasho na migomo ili msimamizi asigawe kazi kwa kupendelea jamaa zake. Weber aliona kitu hicho kinawekwa kando, na kwamba kinawekwa kando kwa sababu ya rangi yake. Manung'uniko yake yalikuwa ya kweli, na mtu anayetetea mipango ya usawa akianza kwa kuyadharau amekwisha kushindwa mbele ya watu wa kiwandani.

Weber akafungua kesi kwa niaba yake na ya wazungu wenzake waliokuwa katika hali hiyo. Mkono wake ulikuwa na silaha nzuri. Sehemu ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza mwajiri kumbagua mtu yeyote kwa sababu ya rangi, na haikuishia kwenye kuajiri na kufukuza. Ina kifungu mahsusi kinachotaja mafunzo ya ufundi na kukataza ubaguzi katika kuingizwa humo. Kwa maneno yalivyoandikwa, ni vigumu kupata kesi iliyo wazi zaidi. Mahakama ya wilaya ikampa ushindi mwaka 1976, na mahakama ya rufaa ikaukubali mwaka 1977.

Watu ambao hawakuwa mahakamani

Hapa ndipo kesi inaponisumbua zaidi, na sioni ikisemwa vya kutosha.

Mahakama za chini zilisema hivi: labda mpango wa namna hii ungeweza kukubalika kama ungekuwa tiba ya ubaguzi uliothibitishwa pale Gramercy, lakini ubaguzi huo haukuthibitishwa. Haukuthibitishwa na nani? Weber asingeleta ushahidi kwamba kiwanda kiliwabagua Weusi, maana ungeua kesi yake mwenyewe. Kaiser isingesimama kizimbani kukiri kwamba ilibagua, maana kesho yake wafanyakazi Weusi wangeidai fidia ya miaka yote iliyopita. Chama nacho kilikuwa na sababu zake za kunyamaza. Wale ambao wangeleta ushahidi kwa moyo wote, wafanyakazi Weusi wa Gramercy, hawakuwa wahusika wa kesi. Mahakama ikasikiliza pande zote mbili, na hakuna upande hata mmoja uliokuwa na faida ya kusema yaliyotokea.

Katika mahakama ya rufaa alikuwapo jaji mmoja aliyeliona jambo hilo, John Minor Wisdom wa New Orleans. Aliandika maoni yake peke yake, akiwapinga wenzake. Alisema mwajiri na chama wamewekwa kutembea juu ya kamba iliyotundikwa juu angani bila wavu chini. Wakikaa kimya, Weusi watawashitaki kwa ubaguzi wa zamani. Wakirekebisha, wazungu watawashitaki kwa ubaguzi mpya. Wakitaka kujitetea dhidi ya wazungu, sharti wakiri makosa yatakayowaangusha mbele ya Weusi. Wisdom alipendekeza kipimo cha kiungwana: kama mwajiri ana sababu ya msingi ya kuamini kwamba huenda alivunja sheria, aruhusiwe kujirekebisha kwa makubaliano, bila kulazimishwa kwanza kujihukumu.

Kamba hiyo haijateguliwa mpaka leo. Mwanasheria wa kampuni yoyote ya Marekani anayeshauri kuhusu mpango wa ujumuishi mwaka huu anatembea juu ya kamba ileile.

Tano kwa mbili

Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja mwezi Machi 1979. Majaji wawili, Lewis Powell na John Paul Stevens, hawakushiriki. Waliobaki saba wakagawanyika, watano kwa wawili, na Weber akashindwa.

William Brennan aliandika kwa niaba ya walio wengi. Alikubali kwamba maneno ya sheria yakisomwa kikavu yana nguvu upande wa Weber. Akasema jambo linaweza kuwa ndani ya maneno ya sheria na bado likawa nje ya sheria kwa kuwa haliko ndani ya roho yake. Bunge la 1964 liliamshwa na hali ya Mmarekani Mweusi aliyefungiwa nje ya kazi nzuri. Ingekuwa ajabu sheria iliyotungwa kwa uchungu huo igeuzwe kuwa kizuizi cha kwanza kwa kampuni na chama vinavyojitolea kuifuta hali hiyohiyo. Brennan akashika pia neno moja. Wapinzani wa sheria waliogopa migawo ya nafasi kwa rangi, nao wakatulizwa kwa kifungu kinachosema sheria hii isitafsiriwe kuwa inamlazimisha mwajiri kutoa upendeleo ili kusawazisha idadi. Kifungu kinasema "isilazimishe". Bunge lingetaka kuzuia hata hiari, lingesema "isilazimishe wala isiruhusu".

Kisha akaeleza kwa nini mpango huu hasa unasimama. Haumfukuzi mzungu yeyote kazini ili kumweka Mweusi. Haumfungii mzungu njia, kwa kuwa nusu ya wanaofundishwa ni wazungu. Ni wa muda, na una mwisho unaojulikana. Lengo lake ni kuondoa pengo lililo wazi, na si kulinda uwiano fulani milele.

William Rehnquist alipinga kwa maandishi marefu na makali. Alipekua mijadala ya Seneti ya 1964 na kuonyesha jinsi watetezi wa sheria, Hubert Humphrey akiwa mbele, walivyoahidi tena na tena kwamba hakuna mgawo utakaotokana nayo na kwamba mzungu atalindwa sawa na Mweusi. Kwa Rehnquist, Brennan alikuwa ametoroka kutoka katika minyororo ya maneno ya sheria kama mwanamazingaombwe. Burger, yuleyule wa kesi ya Griggs, alipinga pia. Hoja yake ni fupi na ya heshima. Alisema kama angekuwa mbunge anayepiga kura juu ya marekebisho ya sheria, angeelekea kuyakubali matokeo haya, ila yeye ni jaji, na sheria iliyo mbele yake haisemi hivyo.

Harry Blackmun aliungana na Brennan, lakini kwa moyo mzito. Alipendelea njia ya Wisdom. Alivuka upande wa walio wengi kwa sababu za kiutendaji, akiona kwamba kuwalazimisha waajiri wakiri makosa kungeua kila jaribio la hiari.

Mimi nasema wazi: kwa usomaji wa maneno, Rehnquist na Burger walikuwa na nguvu zaidi. Kifungu cha mafunzo kipo, kimeandikwa, na Brennan hakukijibu kwa namna inayoniridhisha. Kwa matokeo, naamini Kaiser na chama walifanya jambo sahihi. Kuyashika yote mawili kunachosha, lakini ndivyo kisa kilivyo, na anayeona upande mmoja tu una hoja hajaisoma hukumu.

Nani alilipa

Rudi kwenye zile nafasi 13. Kabla ya mpango, nafasi za mafunzo kwa mfanyakazi wa uzalishaji Gramercy asiye na uzoefu wa ufundi zilikuwa sifuri, kwa rangi zote. Wazungu sita walipanda ngazi mwaka wa kwanza kwa sababu Weusi saba walikuwa wanatafutiwa ngazi. Shinikizo la kuwafungulia Weusi mlango ndilo lililomfanya mwajiri akubali kwamba mtu wa maabara au wa mitambo anaweza kufundishwa akawa fundi. Bila mpango huo Weber asingekuwa na fomu ya kujaza.

Wala hakuna asiyejua kazi aliyepewa kazi ya anayeijua. Weusi saba hawakuwa mafundi, na wazungu waliokosa nao hawakuwa mafundi. Wote walikuwa wanaomba kufundishwa kitu kilekile wasichokijua. Neno "sifa", linalotawala ubishi wa leo, halina pa kushika hapa. Kilichogawanywa ni foleni.

Sasa gharama. Kampuni ililipia mafunzo, hilo ni haki kusemwa. Lakini idadi ya nafasi aliichagua nani? Menejimenti. Kama mwaka ule zingefunguliwa nafasi nyingi zaidi, wakongwe wa orodha zote mbili wangeingia pamoja na kesi ingekosa mlalamikaji. Mpango ulipopunja nafasi, deni la historia likahamishiwa kwa watu wa daraja lilelile la chini, wakagombania. Vyama vya mafundi vilivyofunga mlango kwa miongo havikulipa chochote, wala havikuitwa mahakamani. Wanahisa hawakusimama foleni. Aliyesubiri ni mfanyakazi wa maabara, na aliyesubiri kabla yake, kwa muda mrefu zaidi na bila matumaini, ni Mweusi wa uzalishaji.

Hili ndilo ningetaka kila mjadala wa mipango ya usawa uanze nalo. Ukiona mpango umewagonganisha wafanyakazi wawili wa chini, uliza kwanza kwa nini nafasi ni chache hivyo na nani amezifanya chache.

Baada ya Weber

Hukumu iliwapa waajiri binafsi ruhusa iliyodumu. Mwaka 1986, katika kesi ya walimu wa mji wa Jackson, Michigan, Mahakama ilikataa mpango uliolinda walimu wa makundi madogo wasipunguzwe kazi huku wazungu wakongwe wakipunguzwa. Kumchelewesha mtu kupata ni kitu kimoja, kumnyang'anya alichonacho ni kingine. Hapo naiunga mkono Mahakama bila kusita.

Mwaka 1987 ikaja zamu ya wanawake. Idara ya usafiri ya Kaunti ya Santa Clara, California, ilikuwa na nafasi 238 za mafundi stadi, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwanamke. Diane Joyce alipata alama 73 kwenye usaili, Paul Johnson 75, wote wakahesabiwa wanafaa, na Joyce akapewa kazi. Johnson akashitaki, akashindwa, majaji sita kwa watatu. Antonin Scalia, akipinga, alitaka hukumu ya Weber ifutwe kabisa.

Marekani ililazimika kwenda mbali hivyo kwa sababu sheria yake ya 1964 haikusema kama hatua za kurekebisha ni ubaguzi au la. Sheria zetu za kazi zilitungwa baadaye, na zilijifunza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 7, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, zote zinatamka kwamba hatua za kukuza usawa au kuondoa ubaguzi mahali pa kazi hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Kwa hiyo Weber wa Mombasa au wa Morogoro angekuta mlango wa kwanza umefungwa. Angebaki na swali la pili tu: je, hatua hii kweli inakuza usawa, au imevalishwa jina hilo?

Mipango ya miaka hii

Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, kampuni nyingi za Marekani zilitoa ahadi kubwa, zikaajiri maofisa wakuu wa ujumuishi, zikatangaza malengo. Kisha upepo ukageuka. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilizuia vyuo vya Harvard na North Carolina kuzingatia rangi katika kudahili wanafunzi. Hukumu hiyo haikuhusu ajira, ila Jaji Neil Gorsuch alidokeza kwamba maneno ya sheria ya vyuo na ya sheria ya ajira yanafanana. Juni 2025, katika kesi ya Ames kutoka Ohio, Mahakama ikasema kwa sauti moja kwamba mlalamikaji wa kundi la walio wengi hapaswi kuwekewa mzigo mkubwa zaidi wa ushahidi kuliko wengine. Hukumu iliandikwa na Ketanji Brown Jackson, na naiona ni sahihi. Weber naye alistahili kusikilizwa kwa kipimo kilekile.

Januari 2025 ilionyesha kampuni zikitengana njia. Tarehe 23 wanahisa wa Costco, kampuni ya maduka makubwa, walikataa, kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, pendekezo la kuitaka kampuni itoe ripoti kuhusu hatari za mipango yake ya ujumuishi. Siku iliyofuata Target, nayo ya maduka makubwa, ikatangaza kufunga malengo yake ya miaka mitatu.

Kinachonishangaza ninapolinganisha na Gramercy ni jinsi mingi ya mipango hii mipya ilivyokuwa rahisi kuiacha. Mpango wa Kaiser uliandikwa katika mkataba wa hali bora. Menejimenti isingeweza kuufuta kwa taarifa kwa vyombo vya habari siku ya Ijumaa, maana chama kilikuwa kimetia saini. Ulimwachia mtu ujuzi mkononi. Mingi ya mipango ya baada ya 2020 iliamuliwa ghorofani, ikatangazwa na ofisi ya mawasiliano, na kazi yake kubwa ikawa semina. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev wamechunguza kampuni za Marekani kwa miaka mingi, na waliyoyakuta yanajulikana: semina za lazima hazibadilishi sana nani anapanda kuwa meneja, na mara nyingine huzusha ukaidi. Kinachosogeza mambo ni kumpa mtu fulani wajibu wa matokeo, kumpatia mfanyakazi mlezi wa kikazi, na kutafuta watu mahali ambapo kampuni haikuzoea kutafuta. Aliyepoteza semina hana la kudai. Ukifuta nafasi ya mafunzo ya ufundi umeme, kuna watu watakuja getini kuidai.

Waliofurahia kuanguka kwa mipango hii wanasema sasa tunarudi kwenye sifa tupu. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni lile sharti la kwanza la Gramercy, sharti la uzoefu. Lilikuwa ni "sifa tupu", nalo lilizaa watano kati ya 273.

Tarehe 21 Januari 2025 Rais Donald Trump alifuta Amri Na. 11246, karibu miaka 60 baada ya Johnson kuitia saini. Wengi waliandika habari hiyo. Iliyoandikwa kidogo zaidi ni amri yake ya tarehe 23 Aprili mwaka huohuo, iliyoziagiza taasisi za serikali kuu zipunguze kadiri iwezekanavyo kusimamia ile kanuni ya Griggs, ya kupima sharti la ajira kwa matokeo yake na si kwa nia peke yake. Hiyo naihofia zaidi. Kanuni ya Griggs haimpi mtu upendeleo wowote. Inamtaka mwajiri aonyeshe tu kwamba sharti lake linahusiana na kazi. Sheria yenyewe bado ipo vitabuni, na mfanyakazi binafsi bado anaweza kwenda mahakamani, lakini mashauri ya namna hii yanahitaji takwimu za kiwanda kizima, wataalamu na miaka ya subira, na serikali iliweza kuyamudu kwa urahisi kuliko mtu mmoja. Mfanyakazi wa uzalishaji anayelipwa kwa saa, anayetaka kujua kwa nini kati ya mafundi 273 watano tu wanafanana naye, ataanza safari hiyo peke yake.